Maswali Yenu: Kompyuta Imesasishwa, Programu Haifunguki

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili, ingawa zimetoka pembe tofauti za Nairobi, zina lalamiko moja: kompyuta imepokea sasisho la mfumo endeshi, na programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana, ambayo haikutengenezwa na kampuni ya mfumo huo, leo haifanyi kazi. Tumechagua tatu na kuzifupisha.

Swali

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mhasibu katika duka la vipuri vya magari, Barabara ya Kirinyaga. Mauzo, madeni ya wateja na hesabu za ushuru tunazitunza katika programu ya uhasibu tuliyonunua kwa muuzaji wa hapa mjini, nayo tunailipia ada kila mwaka. Mwezi uliopita, tarehe 19, nilifika kazini asubuhi nikakuta kipakatalishi kimejisasisha usiku na kujizima na kujiwasha chenyewe. Nilipobofya programu ile, dirisha lake lilitokea kidogo kisha likatoweka, bila ujumbe wowote. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Muuzaji aliniambia kuwa tatizo si lake, ni la Windows. Fundi niliyemwita kutoka Luthuli Avenue aliirudisha Windows katika toleo la awali, programu ikafunguka, kisha akazima masasisho yote na kuniambia nisiyawashe tena kamwe. Nani alaumiwe? Na je, nimfuate fundi?

Mhasibu, Barabara ya Kirinyaga

Jibu

Dada yangu, pole sana, na hasira yako ina haki. Ripoti ya VAT ikichelewa, faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, na sheria haiulizi kama kompyuta ilijisasisha usiku. Watu wasiolijua duka lako wamebadilisha chombo chako cha kazi kwa saa ambayo hukuichagua, na hasara imekuangukia wewe. Wanaosema kwamba ndivyo kompyuta zilivyo, na kwamba huna budi kuvumilia, wanakukosea.

Ili tumpate wa kulaumiwa, inafaa tutazame kinachotendeka ndani. Programu ya uhasibu haifanyi kila jambo yenyewe. Kila inapofungua faili, kuchora dirisha au kupeleka ankara kwenye printa, huiomba Windows iifanyie kazi hiyo kwa kufuata taratibu ambazo Microsoft imewaeleza waandishi wa programu. Programu iliyoandikwa kwa kuzifuata taratibu hizo kwa kawaida hudumu miaka mingi bila shida. Zipo nyingi, hata hivyo, ambazo hazizifuati: nyingine huandika data ndani ya folda za mfumo ambako hazipaswi kugusa, nyingine hudhani kuwa kila anayezitumia ana mamlaka ya msimamizi, na nyingine hutegemea maktaba za zamani, yaani vifurushi vya msimbo ambavyo programu nyingi hutumia kwa pamoja, kama .NET Framework 3.5, ambayo tangu enzi ya Windows 8 haiji tena ikiwa imewashwa. Programu ya namna hiyo ni kama mpangaji aliyejiunganishia maji kwenye bomba la nyuma ya ukuta bila mwenye ploti kujua: atayatumia miaka mitano bila tatizo, na siku bomba litakapohamishwa atabaki na ndoo tupu.

Historia inaonyesha kuwa mabadiliko mengi yanayokwamisha programu huletwa kwa ajili ya usalama. Mnamo Agosti 2004, Windows XP ilipopata kifurushi chake cha pili cha marekebisho, kinga ya mtandao ilianza kuwashwa bila mtumiaji kuombwa, na programu zilizozoea kupokea mawasiliano kutoka nje zikajikuta zimezuiwa. Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ilianza kumuuliza mtumiaji ruhusa kila programu ilipotaka kugusa sehemu nyeti za mfumo, na zile zilizokuwa zikijiandikia faili popote zilipata taabu kubwa. Waliotumia kompyuta wakati huo wanakumbuka kero hiyo. Hata hivyo, bila mabadiliko hayo, kila kirusi kilichoingia kwa flashi ya mteja kingeendelea kuitawala mashine nzima.

Microsoft yenyewe haiwezi kuoshwa mikono. Mnamo Machi 2021, masasisho ya kawaida ya mwezi yaliifanya Windows 10 ianguke na kuonyesha skrini ya buluu pale mtu alipochapisha kwa baadhi ya printa, na marekebisho yakatolewa siku chache baadaye. Mwishoni mwa Januari 2025, sasisho la majaribio lilizifanya baadhi ya printa za USB zianze kutoa karatasi zenye mistari ya herufi ambazo hakuna aliyeziandika, mara nyingi ikianza na maneno "POST /ipp/print". Hapo kosa halikuwa la mwandishi wa programu wala la mwenye printa. Kampuni inayosukuma sasisho kwa mamilioni ya watu ina wajibu wa kulijaribu ipasavyo, na inapokosea watumiaji wana haki ya kuilalamikia kwa sauti.

Katika kisa chako, lakini, mzigo mkubwa zaidi nauweka kwa muuzaji. Tangu mwaka 2014 Microsoft ina mpango unaoitwa Windows Insider, ambao humruhusu mtu yeyote kupata matoleo yajayo na kuyajaribu kabla hayajawafikia wananchi. Anayeuza programu ya uhasibu kwa wafanyabiashara, na kupokea ada yao kila mwaka, angeweza kutenga kompyuta moja kwa ajili ya jaribio hilo, akaliona tatizo mapema, na kukutumia ujumbe usisasishe mpaka atoe toleo lililorekebishwa. Ada ya kila mwaka ni ya kazi gani kama si hiyo? Jibu la "ni la Windows" linaeleza chanzo cha tatizo, lakini halimwondolei wajibu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo, na haki hiyo inawahusu watoa huduma wa kibinafsi sawa na mashirika ya umma.

Kwa hiyo, kabla hujalipa ada ya mwaka ujao, mwandikie muuzaji, kwa barua pepe ili maneno yabaki, umuulize mambo haya: programu yake imejaribiwa kwa toleo gani la Windows 11, toleo jipya likitoka, atakujulisha kwa njia gani na ndani ya siku ngapi, na siku ukiamua kuhama, kama unaweza kuzitoa data zako zote katika faili za Excel bila kumtegemea yeye. Swali la mwisho ndilo ningelikazia zaidi, kwa sababu mfanyabiashara asiyeweza kuzitoa hesabu zake hana nguvu yoyote ya kudai jibu la hayo mengine.

Sasa nigeukie ushauri wa fundi. Alichofanya kwanza kilikuwa sahihi: Windows ikipokea toleo kubwa jipya, toleo la zamani huhifadhiwa kwa siku 10, na ndani ya muda huo unaweza kulirudia kupitia sehemu ya mipangilio inayoitwa "Recovery". Ungekuwa likizoni ukarudi siku ya kumi na moja, kwa kawaida njia hiyo ingekuwa imefungwa. Lakini kuzima masasisho moja kwa moja ni hatari, na sababu yake iko wazi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa rekebisho la kasoro moja ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, virusi vya WannaCry vilitumia kasoro hiyohiyo kufunga faili za watu na kudai fidia katika nchi zipatazo 150, na kukwamisha hata hospitali za Uingereza. Aliyechelewesha rekebisho lile kwa wiki mbili hakupata madhara. Aliyekuwa amezima masasisho, kama wewe leo, alikuwa wazi kabisa. Duka likipoteza hesabu za miaka kadhaa, faini ya shilingi 10,000 itaonekana nafuu.

Ninachokushauri ni kuahirisha kwa mpango. Marekebisho makuu ya usalama ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, asubuhi kwa saa za magharibi mwa Marekani, yaani saa mbili au saa tatu usiku hapa Nairobi kutegemea majira ya kwao. Jumanne ya pili haiwezi kuangukia nje ya tarehe 8 hadi 14. Itazame pamoja na kalenda yako: PAYE, yaani kodi ya mishahara, ni tarehe 9, VAT ni tarehe 20. Masasisho yanafika katikati ya siku ambazo mhasibu wa Kenya ana shughuli nyingi kuliko zote, na kwa kuwa Windows hujaribu kujizima na kujiwasha nje ya saa za kazi, wewe huyaona asubuhi yakiwa yameshatekelezwa.

Mwambie fundi ayawashe masasisho tena. Kisha, mwanzoni mwa kila mwezi, fungua mipangilio ya Windows Update na uyasimamishe kwa kitufe cha "Pause updates" mpaka tarehe 21. Windows hukuruhusu kusimamisha kwa wiki tano kwa jumla, kwa hiyo muda unatosha, na baada ya hapo itakulazimu usasishe kwanza kabla ya kusimamisha tena. VAT ikishawasilishwa, nakili hifadhidata ya programu ya uhasibu kwenye diski ya nje, uifungue nakala hiyo katika kompyuta nyingine ili uhakikishe kuwa ni nzima, ndipo uruhusu masasisho yaingie, ikiwezekana Jumamosi mchana wakati duka linakaribia kufungwa. Fungua programu papo hapo, toa ankara moja ya majaribio, chapisha. Likitokea tatizo, una wiki nzima kabla ya PAYE ya mwezi unaofuata, na muuzaji hana kisingizio cha haraka. Kuna faida nyingine pia: kati ya Jumanne ile na tarehe 21, wengine duniani watakuwa wamelipokea sasisho hilo, na kama lina kasoro kubwa habari zake zitakuwa zimeenea na mara nyingi rekebisho litakuwa limetoka.

Swali

Mshauri, salamu.

Mimi ni DJ, naishi Buruburu na hupiga muziki kwenye harusi na sherehe. Nilinunua Mac iliyotumika, ikiwa na mfumo wa Mojave na ikifanya kazi bila matatizo. Iliponiomba nisasishe hadi Catalina nilikubali, nikidhani ni jambo jema. Sasa programu yangu ya kuchanganya muziki inafunguka lakini orodha zote za nyimbo nilizozipanga kwa miaka hazionekani, na programu-jalizi mbili za sauti (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya ile kubwa) nilizozinunua zimekataa kabisa. Nina harusi wiki mbili zijazo. Je, naweza kurudi nilikotoka?

DJ, Buruburu

Jibu

Ndugu yangu, umekumbwa na mambo mawili yaliyoingia pamoja Catalina ilipotolewa Oktoba 2019. La kwanza ni kwamba iTunes, programu ya muziki ya Apple, iligawanywa kuwa programu kadhaa, na faili ya XML iliyokuwa ikiorodhesha nyimbo zako na mpangilio wake haikuendelea kuandikwa yenyewe. Programu nyingi za DJ zilikuwa zikiisoma faili hiyo. Nyimbo zako ziko palepale kwenye diski. Kilichopotea ni orodha iliyozionyesha. Fungua programu ya Music, nenda kwenye menyu ya faili, upande wa maktaba, uchague kutoa maktaba nje, na utapata faili ya XML ambayo programu yako inaweza kuelekezwa iisome. Utalazimika kurudia kila unapoongeza nyimbo, na hiyo ni kazi, lakini huenda ikakuokoa kwa harusi hii. Kama waliotengeneza programu yako wametoa toleo jipya linalosoma maktaba ya Music moja kwa moja, lichukue.

La pili halina tiba rahisi. Catalina iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, yaani zilizoandikwa kwa muundo wa zamani kabla ya ule wa biti 64, na huenda programu-jalizi zako ni za aina hiyo. Apple haikufanya hivyo kwa kushtukiza. Iliwatangazia waandishi wa programu tangu mwaka 2017, na kuanzia Aprili 2018 Mac zenyewe zilikuwa zikitoa onyo mtu anapofungua programu ya biti 32. Kampuni zilizouza programu-jalizi na kuacha kuziandika upya zilikuwa na muda wa kutosha, na wewe ndiye uliyebaki ukilipia uzembe huo. Waandikie uwaulize kama wana toleo la biti 64 na kama leseni yako inalihusu. Wakikutaka ununue upya kitu ulichokwisha kulipia, lalamika kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu kurudi, Mac haina kitufe cha kurejea toleo la awali kama Windows. Ulikuwa na nakala ya Time Machine, programu ya Mac ya kuhifadhi nakala za kompyuta nzima, ya kabla ya kusasisha? Kama ulikuwa nayo, njia ni fupi. Kama hukuwa nayo, kwa kuwa Mac yako iliwahi kutumia Mojave, ipo njia nisiyoisikia ikitajwa vya kutosha: diski za Mac za siku hizi zinaruhusu kuongeza sehemu ya pili bila kufuta ya kwanza, na ndani ya sehemu hiyo ukaweka Mojave, ukawa unachagua mfumo wa kutumia unapowasha kompyuta. Apple bado inatoa Mojave kwenye tovuti yake, ila utahitaji kuiandaa kwenye flashi ya kuwashia. Kama hujawahi kufanya hivyo, mpe fundi anayezijua Mac, na unakili nyimbo zako zote kwanza kwenye diski ya nje utakayobaki nayo mkononi. Mojave haijapata marekebisho ya usalama tangu mwaka 2021, kwa hiyo itumie kwa muziki tu, bila intaneti, na mambo ya benki na barua pepe uyafanye upande wa Catalina.

Wasomaji wengine ambao bado wako kwenye Mojave wanaweza kujua mapema kitakachokufa: katika ripoti ya mfumo, chini ya programu, kuna sehemu iitwayo "Legacy Software" inayoorodhesha programu za biti 32 zilizofunguliwa katika kompyuta hiyo. Isomeni kabla ya kukubali lolote.

Swali

Mwalimu wetu,

Nina saiba Githurai. Wateja huja niwasaidie kujaza fomu za ushuru za Excel kutoka iTax, tovuti ya ushuru ya KRA. Tangu tulipowekewa Office mpya, tukifungua fomu hiyo unatokea ukanda mwekundu juu, kitufe cha kuhakiki hakifanyi chochote, na foleni inakuwa ndefu. Kijana anayenisaidia amebadilisha mipangilio ili makro zote, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, ziruhusiwe bila kuuliza. Je, amefanya vyema?

Mwenye saiba, Githurai

Jibu

Hapana, ndugu, mwambie airudishe mipangilio leo. Kompyuta ya saiba hupokea flashi za watu wengi kuliko kompyuta nyingine yoyote mtaani, na kwa mpangilio huo kila faili ya Excel yenye makro mbaya itajiendesha mara tu inapofunguliwa, huku wateja wako wakiwa wameandika katika kompyuta hiyo nambari zao za PIN na nenosiri za iTax.

Fomu hizo zimejengwa juu ya makro, na makro ndizo zinazotengeneza faili unayoipakia iTax baada ya kuhakiki. Tangu Julai 2022 Office huzuia makro za faili yoyote iliyotoka kwenye intaneti, kwa sababu Windows huipa faili ya namna hiyo alama. Unachohitaji ni kuiondoa alama kwa fomu hiyo moja tu. Ikiwa umepakua zip, usiifungue kwanza: bofya kulia juu ya zip yenyewe, chagua "Properties", na chini kabisa utaona kisanduku cha "Unblock", kitie alama, ubofye OK, kisha ndipo uitoe fomu ndani. Ukianza kwa kuitoa fomu, alama huifuata, na itakubidi urudie hatua hizo kwa faili ya Excel. Fanya hivyo kwa fomu uliyoipakua wewe mwenyewe kutoka iTax, si kwa ile ambayo mteja amekuja nayo kwenye flashi au ametumiwa kwa WhatsApp. Huyo mpakulie nyingine, hata kama tayari ameijaza nusu.